Ng'ombe wa Plastiki

Danford Machage alikuwa na ng'ombe tisa wasiokula majani. Hawakutaka maji wala josho, mbung'o hawakuwajua, na hakuna mwizi wa mifugo aliyewahi kuwaswaga kuvuka mto. Walikuwa wamekunjwa mara nne ndani ya bahasha ya kaki, bahasha ndani ya sanduku la bati, sanduku chini ya kitanda. Juu ya kitanda alilala Danford mwenyewe, mwenyekiti wa tawi la chama hapo Bunda, pamoja na mke wake Miriamu. Kila asubuhi kabla ya kusali alilisukuma sanduku kwa kisigino kujua kama lipo.

Mambo yalianza mwaka 1965, wakati Danford alikuwa bado karani wa mizani ya pamba. Alikwenda Musoma kwa shughuli za chama cha ushirika, akaona ndoo nyekundu inadondoka kutoka kwenye lori, inabiringika barabarani, na gari jingine linaikanyaga ukingo. Danford alifumba macho. Alipoyafumbua, ndoo ilikuwa imebonyea kidogo, halafu pole pole ikajirudi yenyewe, ikasimama nzima kama haikutokea kitu. Loo! Ndoo ya bati ingekunjamana, na mtungi ungekuwa vigae vya kuchezea watoto. Badala ya kurudi kwenye shughuli iliyompeleka, akaanza kuulizia ndoo ile ilizaliwa wapi.

Ilizaliwa karibu na ziwa, katika banda la Kampuni ya Plastiki ya Ziwani. Karani wa hapo, kijana mmoja nadhifu aitwaye Felisian, alimwonyesha kila kitu. Punje nyeupe zilimiminwa juu ya mashine mithili ya mchele, zikayeyushwa kwa moto, zikasukumwa kwenye kalibu, na kalibu ilipofunguka ikatoka ndoo bado ya moto. Ikitoka mbovu, wanaisaga na kuiyeyusha tena.

"Ziko za namna mbili, mzee," Felisian alisema. "Iko ile ya swichi za umeme, ukishaikausha imekauka, ukiipasha moto tena inaungua tu. Na iko hii yetu. Hii ukiipasha moto inakubali sura yoyote unayotaka, leo ndoo, kesho sahani, keshokutwa kiatu."

"Hii ndiyo yenye akili," Danford akasema, na alisema kutoka moyoni.

Kampuni ilikuwa inauza hisa. Danford akauliza swali ambalo mtu yeyote wa Mara angeuliza: "Zinazaa?" Felisian akamweleza kwamba kila mwaka kampuni ikipata faida itatoa gawio kwa wenye hisa, na siku kampuni ikinenepa sana, hisa zenyewe zinaweza kuzaa hisa nyingine. Danford hakungoja chai. Wiki ileile aliwapeleka ng'ombe wake tisa mnadani, na watu wa Bunda wakasema mtoto wa Machage amelogwa. Alirudi nyumbani na bahasha.

Basi mambo yakamnyookea. Gawio la kwanza lilikuja, tamu. Mwaka uliofuata akachaguliwa mwenyekiti wa tawi, na hilo lilikuwa tamu zaidi. Jamani, kile kiti! Akiingia mahali watu wanasimama. Harusini anawekwa meza ya mbele, msibani anapewa neno la mwisho, na hata wazee waliokuwa wanamwita "wewe karani" sasa walimwita ndugu mwenyekiti. Alishaanza kuwaza wilaya, na siku akilala vizuri aliwaza mkoa.

Halafu ikaja Februari 1967, na redio ikasoma Azimio. Danford alikuwa ameketi na wanachama wenzake wakiizunguka redio, naye akiongoza kupiga makofi. Kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, makofi. Asiwe na mishahara miwili, makofi. Asiwe na nyumba ya kupangisha, makofi, maana hakuwa nayo. Asiwe na hisa katika kampuni yoyote... Mikono ya Danford ikabaki hewani imeachana, kama mtu anayeonyesha ukubwa wa sangara aliyemponyoka.

"Ziuze basi," Miriamu alimwambia siku ile.

"Niuze ng'ombe wanaokamuliwa?"

"Basi acha kiti."

"Niache kiti nikae wapi?"

Miriamu akamtazama, akaendelea kuchambua choroko. Danford alizunguka na jambo hili wiki mbili nzima. Kumpa Miriamu hisa haikufaa, kwa sababu masharti yalimhesabu mke pamoja na mume. Alisoma masharti yale mpaka karatasi ikachakaa, na mwisho akapata upenyo. Mke alitajwa. Shangazi hakutajwa popote.

Shangazi yake Nyangi Wanzagi, dada wa marehemu baba yake, alikaa Butiama, kijiji alikozaliwa Rais. Nani angekwenda kumtafuta bepari Butiama, jamani, katika Tanzania yote? Na isitoshe, jambo lenyewe lilikuwa na mila yake. Tangu zamani, mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizini kwake, macho ya watu yakawaona na mtoza kodi akawahesabu. Wengine anawaweka kwa rafiki, kwa shemeji, kwa shangazi, mbele ya shahidi mmoja, bila hata kipande cha karatasi. Aliyewekewa anakamua maziwa yake, mwenye mali anabaki na ng'ombe na ndama. Hivyo ndivyo baba zake walivyofanya, na Danford hakuona kwa nini plastiki iwe na mila tofauti. Sheria ya serikali ikija itamwona Nyangi, mila ikija itamwona Danford, na yeye atakaa katikati anapunga upepo.

Wakati ule nchi nzima ilikuwa inatembea kwa miguu kuunga mkono Azimio. Danford akaandaa matembezi yake, watu arobaini kutoka Bunda mpaka Butiama, yeye mbele na bendera. Mguuni alivaa viatu vya plastiki vya kampuni yake mwenyewe, na jua lilipopanda vikalainika vikaanza kumla vidole. Chini ya shati, ndani ya mfuko wa nailoni, cheti cha hisa kilikuwa kimegandana na jasho la tumbo. Watu wakaimba, "Kiongozi hana hisa! Kiongozi hana hisa!" Aliyeimba kwa sauti kuliko wote unamjua.

Walipofika Butiama, watu wakapumzika shuleni na kupewa uji. Danford alisema anakwenda kumsalimia mzazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Mbona unachechemea?"

"Ni mapambano, shangazi."

Nyangi alikuwa bibi mwembamba, mkavu, asiyejua kusoma hata jina lake, lakini ukimwambia ng'ombe wa ukoo aliyekufa mwaka wa nzige atakutajia rangi yake na jina la aliyekula kichwa. Alimsikiliza mtoto wa kaka yake mpaka mwisho. Kisha akamwita jirani yake Mseti, mzee wa kanisa aliyekuwa akimsomea barua, akae kama shahidi. Akauliza kama mila inavyotaka.

"Maziwa ya nani?"

"Yako, shangazi." Danford alikuwa na haraka, watu wanamngoja shuleni.

"Ndama wa nani?"

"Wangu."

"Na ng'ombe akifa?"

"Utaniletea ngozi. Weka dole gumba hapa."

Nyangi akaweka dole gumba kwenye fomu ya Felisian, na kwenye vitabu vya Kampuni ya Plastiki ya Ziwani ng'ombe tisa wakahama. Danford alirudi shuleni mwepesi kama amevuliwa mzigo wa kuni, akahutubia saa nzima juu ya kupe na wanyonyaji. Fomu ya wilaya ya kutangaza mali alijaza wiki iliyofuata: hisa, hana.

Mwaka ukapita, gawio likatoka. Danford alingoja shangazi amletee. Akangoja mwezi, akangoja miwili. Wa tatu alipanda baiskeli, na alipoingia uani Butiama akadhani amepotea. Nyumba ya Nyangi ilikuwa na bati jipya. Wanawake wa jirani walikuwa wanatoka kisimani na ndoo nyekundu kichwani, nne, tano, sita, zote za aina moja.

Alikaribishwa vizuri, akapewa kikombe cha mtindi. Mseti naye alikuwepo.

"Shangazi, nimefuata ndama wangu."

"Ndama yupi? Hawajazaa bado."

"Ile pesa iliyokuja posta!"

"Aa, ile!" Nyangi akacheka kwa upole. "Yale ni maziwa, baba. Tulishakunywa."

Danford aliruka kutoka kwenye kigoda. Maziwa gani? Ile ni faida, imetoka kwa ng'ombe, kinachotoka kwa ng'ombe ni ndama! Nyangi akamngoja amalize, kwa utulivu wa mtu aliyekaa kwenye mabaraza mengi ya ng'ombe kuliko huyu.

"Sikiliza, mwana wa kaka yangu. Ndama akizaliwa anakua, anaota pembe, naye kesho anazaa. Si ndiyo? Hiki kitu chako kilikuja, tukakila, kikaisha. Na ng'ombe bado amesimama palepale, mwaka kesho anatoa tena. Kwenu huko Bunda mnakiitaga nini?"

"Maziwa hayo, mura," Mseti alisema. "Hata mtoto wa kuchunga anajua."

"Na mimi ndiye niliyekuambia nani anakunywa?" Nyangi aliuliza. "Si ulisema mwenyewe, huyu mzee akisikia?"

Danford akageuza maneno. Akasema mambo ya sasa si ya zamani, kwamba hii ni kampuni, iko na mashine. Hapo Nyangi akaacha kucheka.

"Baba yako alipokufa, hapa nyumbani hakukuwaga na ng'ombe wetu hata mmoja. Nilikuwa nafuga wa watu. Ulikunywa maziwa ya ng'ombe wa watu mpaka ukaota ndevu, ukaenda shule, ukajua kuandika hizo karatasi zako. Hakuna mwenye ng'ombe hata mmoja aliyekuja hapa kunidai kikombe. Leo wewe ndiye unakuja?"

Aibu ilimshika Danford, aibu kweli kweli, na kama angeiacha ikae pengine ingemfaa. Lakini aibu ya mkubwa haikai sana, inageuka hasira kabla hajafika barabarani. Alipanda baiskeli akiapa kumshtaki. Ila kumshtaki wapi? Barazani kwa wazee wangemcheka, maana sheria ya maziwa inajulikana kuliko amri kumi. Na mahakama inaanza na kukuuliza jina na kazi yako.

Alikwenda Musoma kwa Felisian, akafunga mlango wa ofisi. "Kijana, hebu niambie kitaalamu. Gawio ni maziwa au ni ndama?"

Felisian alimkodolea macho. "Mzee, kwenye vitabu vyetu hakuna ng'ombe. Kuna Bibi Nyangi Wanzagi, na ni mwanahisa mzuri sana, ananunua ndoo kila akija."

Basi akanywea. Alijiliwaza kwamba ng'ombe wenyewe bado wako, na ndama watakuja. Siku akishapanda wilayani ataona la kufanya. Mshika mawili, wahenga walisema, moja humponyoka, lakini Danford aliamini wahenga hawakuwa na mikono kama yake. Miaka minne alihubiri ujamaa Bunda nzima, na miaka minne Nyangi alikunywa. Alijenga choo cha saruji, akamsomesha mjukuu wa Mseti, akanunua redio.

Mwaka 1971 kampuni ya Musoma ilinenepa. Ilileta mashine ya pili, na badala ya kuongeza gawio ikaamua kila mwenye hisa mbili apewe moja ya bure. Barua ilifika Butiama, Mseti akaisoma mara ya kwanza kimya, mara ya pili kwa sauti.

"Kila mbili zimezaa moja," alisema.

Nyangi alipiga vigelegele. "Huyu sasa ndiye ndama!"

Hapa ndipo watu wa mjini hawatamwelewa yule bibi, na sina la kuwasaidia. Miaka minne alikula gawio na hakujiuliza hata mara moja, kwa sababu maziwa yalikuwa yake. Lakini kukaa na cheti cha hisa zilizozaliwa kulimnyima raha kabisa. Anayeficha ndama wa mtu ni mwizi, na ukoo wake utatajwa hivyo mpaka wajukuu. Ndama anapelekwa kwa mwenyewe, tena wazi, mbele ya watu, ili kesho asije mtu kusema hakuona. Akafungua sanduku, akatoa gauni lake la Pasaka. Akamwambia Mseti avae koti, wakapanda lori la pamba kwenda Bunda.

Lile jambo la kumtumia Danford taarifa mapema hawakulifikiria. Nani anapeleka habari njema kwa kubisha hodi mara mbili?

Siku hiyo hiyo, kwenye uwanja wa mnada wa Bunda, palikuwa na mkutano mkubwa. Chama kilikuwa kimetoa Mwongozo mpya, kwamba mwananchi ana haki ya kumuuliza kiongozi chochote, na Bwana Luhende, mkubwa kutoka Musoma, mtu wa tumbo na miwani, alikuja kuueleza. Alikuja pia na jambo jingine ambalo Danford alilijua tangu juzi: jina lake limependekezwa wilayani, na likipita leo bila doa, Jumatatu anahama. Danford hakuwahi kutaka kitu kama alivyotaka ile Jumatatu. Alikuwa ameshona kaunda suti mpya, imebana kwapani, lakini ni ya wilayani.

Alihutubia siku hiyo mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Aliwakata mirija wanyonyaji, akawakanyaga kupe, akawazika mabepari wakiwa hai. "Kiongozi," alisema, "hawezi kutumikia wananchi huku ana mali imefichwa!" Makofi. Bwana Luhende akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasimama, akatangaza kwamba sasa ni wakati wa maswali, mwananchi yeyote asiogope.

Bibi mwembamba mwenye gauni la Pasaka akasimama nyuma.

Danford alimwona. Alijaribu kumwashiria kwa nyusi. Nyangi akadhani anamsalimia, naye akampungia mkono.

"Mimi sina swali," Nyangi alisema. "Nimeleta ndama."

Uwanja ulicheka. Mtu mmoja akauliza ndama yuko wapi, bibi, mbona tunaona kikapu tu. Nyangi akaingiza mkono kikapuni, akatoa bahasha ya kaki na kuiinua juu, watu wote waione.

"Ng'ombe wa mwana wa kaka yangu, wale wa plastiki, aliowekaga kwangu mwaka ule wa matembezi. Wamezaa. Kila wawili wamezaa mmoja. Maziwa nilikunywa, hilo nasema wazi. Ndama ni wake. Huyu hapa Mseti ni shahidi."

Hakuna aliyecheka tena. Watu waliokuwa pale uwanjani ni wachunga ng'ombe na walima pamba, hakuna mmoja wao aliyehitaji kutafsiriwa. Walielewa mara moja, kutoka bahasha mpaka kaunda suti, wakageuka wote kumtazama mwenyekiti. Bwana Luhende naye akageuka, taratibu, akavua miwani.

"Ndugu mwenyekiti. Unamfahamu mama huyu?"

"Ni... ni shangazi yangu."

"Na hao ng'ombe?"

Ukitaka kujua mtu anawaza kwa kasi gani, mnyime muda. Danford aliona ng'ombe wake, wale tisa na watoto wao, ndoo nyekundu zinatoka kwenye kalibu moja baada ya nyingine, mpaka uzeeni. Aliona Jumatatu, ofisi ya wilaya, meza yenye kengele ya kumwita tarishi. Kwa mara ya kwanza katika miaka minne hapakuwa na katikati ya kukaa.

"Sina ng'ombe Butiama," alisema. "Mniwie radhi, ndugu wananchi. Huyu ni mtu mzima, ameshazeeka. Kichwa kinamchanganya."

Watu wakaguna, kwa chini. Nyangi hakusogea. Aliishusha ile bahasha polepole mpaka usawa wa kifua.

"Danford. Sema vizuri, wazee wasikie. Hawa ng'ombe si wako?"

"Si wangu."

"Na ndama?"

"Nimesema si wangu, shangazi! Kaa chini!"

Mtu akimkana ng'ombe wake mbele ya watu, hakuna mzee katika Mara nzima atakayemrudishia hata mkia. Danford alilijua hilo kabla ya kujua kusoma. Alilisikia sasa likifungwa nyuma yake kama lango la zizi. Nyangi akairudisha bahasha kikapuni, akaifunika vizuri kwa kitambaa.

"Basi wamekuwa wangu. Nashukuru, mmesikia wote," alisema. "Nami kichwa changu ni kizima." Akamshika Mseti mkono, wakaondoka kuelekea barabarani, na watu wakawapisha njia pana kama wanampisha askofu.

Makofi yalianza wakiwa wanaondoka. Yalikuwa ya bibi, lakini Danford alikuwa na masikio ya mwenyekiti, na Bwana Luhende alikuwa na akili ya kazi yake. Aliruka juu ya jukwaa, akamkamata Danford mkono, akauinua. "Mmeona wenyewe! Ameletewa mali mpaka mkononi, ameikataa! Kiongozi wa namna hii tunampata wapi?" Na hivyo ndivyo Danford Machage alivyopitishwa kwenda wilayani, kwa sauti moja, bila doa.

Baada ya chakula Bwana Luhende akamwita nyuma ya Landrova. Danford alikwenda akijua sasa yanakuja yale ya faragha.

Mkubwa akawasha sigara. Akatazama huku na huku.

"Yule mama," alisema. "Shangazi yako. Ni mtu wa kuaminika?"

"Mkuu, mimi nilishasema pale kwamba..."

"Nimesikia ulivyosema, sikuzaliwa jana. Nakuuliza jingine." Akasogea karibu. "Nina vikaratasi vyangu vidogo, vya kile kiwanda cha magunia ya plastiki. Vya zamani, unajua, kabla ya Azimio. Vinaniumiza kichwa. Kwetu Usukumani tunawekaga ng'ombe kwa watu, lakini siku hizi watu wenyewe wezi watupu. Mtu anayepanda lori kumletea mwenzake ndama ambaye hakuna aliyejua kama amezaliwa! Mtu kama huyo unampata wapi, Machage?"

Danford hakujua acheke au alie. Alikuwa ameitupa mali yake na kumtukana aliyemlea, kwa kumwogopa huyu, na huyu naye alikuwa na bahasha.

"Ni mwaminifu kupita kiasi, mkuu," alisema mwisho.

"Basi twende sasa hivi. Wewe utakuwa shahidi."

Walifika Butiama jua bado liko juu. Nyangi alikuwa ameshavua gauni la Pasaka, anaanua nguo. Alimkaribisha mgeni kwa heshima zote, akamtolea kiti chenye mgongo, akamsikiliza haja yake mpaka mwisho. Akasema haina ubaya, atapokea, mradi mambo yaende kwa mila.

"Shahidi wako ni nani?"

"Huyu hapa," Bwana Luhende alisema, akamwonyesha Danford aliyekuwa amesimama mlangoni, kaunda suti imemlowa mgongoni.

"Shikamoo, shangazi," Danford alisema.

Nyangi alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani, bila hasira yoyote, jinsi unavyomtazama mpita njia aliyekosea mji. Danford akangoja ile marahaba aliyoipokea tangu alipojifunza kusema, na haikuja.

"Huyu simjui," Nyangi alimwambia mgeni wake. "Tutamwita Mseti." Akaenda mlangoni, akaufunga.

Danford alibaki uani, juani, mkoba wa mkuu mkononi. Dereva alimwangalia kwa jicho la pembeni, akaendelea kufuta kioo. Sauti zilisikika vizuri kupitia dirishani. Mseti aliingia kwa mlango wa nyuma, akakohoa, akaketi. Shangazi akaanza kuuliza, mkubwa akajibu upesi upesi, mchangamfu, mtu mwenye safari nyingine mbele yake.

"Maziwa?" Bwana Luhende alicheka. "Ah, mama, maziwa ni kitu gani? Chukua yote!"

Danford angeweza kubisha hodi, amwambie mkubwa maziwa ni kitu gani. Alibadilisha mkono, akaushika mkoba kwa wa kushoto.